Kabari Mbili za Mninga

Namswea,
Mbinga.
10 Agosti 1997

Kwa kaka yangu mpendwa Blasius,

Shikamoo kaka. Naomba karatasi hii ikufikie ukiwa mzima hapo Mbeya pamoja na shemeji Beata na watoto, na kile kikohozi cha shemeji ulichokitaja kiwe kimeshapoa. Sisi huku miili ni mizima. Valeria anakuamkia, na watoto wanakuamkia. Baridi ya mwaka huu ilikuwa kali. Ukungu ulikuwa hauondoki mpaka saa nne, na kahawa ilichelewa sana kukauka. Hata hivyo tumemaliza kuchuma. Wanunuzi binafsi wanapishana barabarani na mizani zao, kila mmoja anaapa kwamba mwenzake ndiye mwizi, nasi tunawasikiliza wote.

Barua yako ya mwezi uliopita nilipewa na kondakta wa basi pale Mbinga mjini. Nimeisoma mara nyingi mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Umesema msalaba wa saruji kwenye kaburi la mama usimikwe mwezi wa tisa utakapopata likizo, na kwa hilo sina neno. Umesema pia kwamba siku hiyo mzee Tarsisi asikanyage hapa, na kabla ya mvua za kwanza awe ameliacha shamba la kando ya kijito alilopewa na marehemu baba. Umeandika kwamba mtu aliyesahau kabari mbili akamuua mama yetu hawezi kuendelea kula mahindi ya udongo wetu. Ukanitaka mimi niliyeko nyumbani nimfikishie neno hilo.

Neno nilimfikishia. Lakini kabla sijakueleza alivyolipokea inanibidi nianzie mbali kidogo, nawe univumilie. Mama alikuwa akisema kwamba nikitumwa chumvi naleta kwanza habari za mwenye duka.

Wewe ulikuwa umeshahamia Mbeya wakati baba alipopunguzwa kazi ya udereva kwenye chama cha ushirika. Alitoka pamoja na mzee Tarsisi, aliyekuwa utingo wake tangu ujana wao. Ndipo wale Wazungu waliokuwa wakipima barabara walipofunga kazi yao wakauza vitu, na baba akanunua Land Rover kuukuu pamoja na karavani yao. Watu walikuja kutoka mpaka kijiji cha Ruanda kuiona hiyo nyumba ya bati yenye matairi mawili, vitanda viwili na pazia la maua dirishani. Wazungu walikuwa wanalala humo porini. Baba na mama wakaanza kulala humo Mbamba Bay walipoteremka kununua usipa, wale dagaa wa ziwani, maana mama alisema kunguni wa nyumba za wageni kule ziwani wana meno ya mbwa. Wakati wa kurudi, magunia ya usipa yalijaa chini ya vitanda. Hata ukiosha kwa sabuni ya unga, ile nyumba ilinuka ziwa mwaka mzima.

Breki ya mkono ya karavani ilikuwa imekufa tangu enzi za Wazungu wenyewe. Kwa hiyo baba alichonga kabari mbili za mninga, kila moja kubwa kuliko tofali la kuchoma, na chini akazitia meno ya nondo ili zing'ate udongo. Unaujua ule mlima wa kutoka ziwani kuja kwetu. Mvua ikinyesha, gari haliwezi kuuvuta mzigo wote kwa mkupuo mmoja. Baba na mzee Tarsisi walipanda kwa vipande. Walisimama, mzee Tarsisi akazisukuma kabari nyuma ya matairi ya karavani, wakachomoa pini inayoiunganisha na gari, Land Rover ikatangulia peke yake mpaka penye udongo mgumu, kisha ikaivuta karavani kwa mnyororo mrefu. Wakifika hapo, kabari tena, na kipande kingine. Mlima mmoja ungeweza kula asubuhi nzima, lakini walifika.

Na hawakuondoka hapa nyumbani bila kuhesabu vifaa. Hili hukuwahi kuliona, nalo ndilo lenye habari yote. Baba alitandika gunia uani, akapanga kila kitu juu yake. Kisha mama akaketi kizingitini akaanza kuita, na baba akawa anaitikia huku akitia kitu kimoja kimoja sandukuni. Mama hakujua kusoma, lakini spana kumi na saba aliitambua hata akiwa amefumba macho. Aliita kwa sauti ile ile ya Litania ya Watakatifu. Jeki? Ipo. Mnyororo? Upo. Koleo? Lipo. Beringi? Ipo. Grisi, viraka, solushoni, pampu, waya wa kufungia, mpira mkuukuu wa tairi, kipande cha sabuni cha kuzibia tangi likivuja. Mwisho kabisa aliita kabari. Zipo, baba aliitikia, na mama akafanya ishara ya msalaba akanyanyuka. Padri aliwakuta siku moja katikati ya kazi hiyo, akacheka mpaka akavua miwani.

Baba alipofariki mwaka juzi, Land Rover ikawa mikononi mwangu, na mama akaendelea kuita, mimi nikawa mwitikiaji. Mzee Tarsisi alibaki na kazi yake ya kuvitoa vifaa stoo, kuvipanga sandukuni jioni ya kabla ya safari ili asubuhi nivihesabu humo, na kuunganisha karavani. Mama hakukubali kubaki nyumbani, ingawa miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Alisema sisi wanaume tunanunua usipa kwa macho. Yeye alichukua kiganja kimoja, akautikisa karibu na sikio, na kwa mlio tu alijua kama umekauka au una maji ndani. Sijawahi kumwona akikosea.

Sasa nifike kwangu. Kaka, unakumbuka baba alivyokuwa akihangaika enzi zile kwa beringi moja? Alikwenda Songea na kibali mkononi, akarudi na kibali kile kile na ahadi ya mwezi ujao. Ndiyo maana alikuwa hatupi kitu. Siku hizi ukiingia Mbinga mjini beringi zimetundikwa madukani kama ndizi. Ziko plagi, ziko fenibelti, kila rangi na kila nchi, na hakuna anayekuuliza kibali. Mimi maduka hayo yalinilevya, sitakuficha. Nikanunua jeki ya mafuta, nyekundu, ikiwa kwenye boksi lake na karatasi ya maelezo. Nikaanza kumwambia mama kwamba tunabeba chuma na magogo ya bure wakati tungeweza kubeba gunia moja zaidi. Kitakachoharibika tutanunua. Mama alinitazama akasema, "Duka halipandi mlima, Methodi." Nilicheka, nikamwambia hayo ni mambo ya enzi za foleni.

Tulibishana hivyo majuma kadhaa, hasa juu ya kabari. Madereva wenzangu kule ziwani walizoea kunitania kwamba Methodi anasafiri na kuni zake. Wana magari mapya kidogo, nami nilikuwa naona haya mzee Tarsisi anapoyatoa yale magogo mbele ya watu. Mama alisema siku kabari zisipokuwamo, yeye hapandi na gari haliondoki.

Ile safari ya mwezi wa tatu unaijua kwa juu juu. Tuliondoka Jumanne. Mama aliita, nikaitikia, tukateremka salama. Mbamba Bay tulikaa siku tatu. Mama alikuwa na furaha sana, kaka. Asubuhi alikaa mlangoni mwa karavani na miguu yake kwenye beseni la maji ya ziwa, akiwafokea wauzaji kwa Kinyasa chake kibovu, nao wanamcheka na kumwongezea. Nakuandikia hili kwa sababu msibani hakuna aliyelisema.

Ijumaa tulianza kupanda tukiwa tumejaza. Mama alikuwa amelala kwenye karavani kwa sababu ya miguu. Mvua ilitukuta katikati ya mlima kama saa nne asubuhi. Kwenye kona ya tatu kutoka juu magurudumu ya Land Rover yakaanza kuzunguka bure, nikajua hapa ni kupanda kwa vipande. Mzee Tarsisi alishuka, akafungua sanduku, akapekua, akaja dirishani kwangu maji yakimtiririka usoni, akasema kabari hazionekani. Nikamwambia atafute mawe. Akaweka mawe mawili makubwa nyuma ya matairi, akayapiga kwa nyundo mpaka akaridhika. Tukachomoa pini. Sikuwa nimefika hata hatua thelathini mbele niliposikia mzee Tarsisi akipiga kelele. Udongo mwekundu ulikuwa umelainika chini ya yale mawe, yakateleza. Karavani ilirudi nyuma taratibu kabisa, mzee Tarsisi akiwa ameishika kwa mikono miwili kama mtu anayezuia ng'ombe, kisha ikakata kona na kuingia korongoni.

Ile jeki nyekundu haikutoka hata kwenye boksi lake.

Ulikuja msibani, ukasikia wazee wakiuliza nani aliweka mawe. Mzee Tarsisi akasema ni yeye. Wakauliza kwa nini mawe na si kabari, akasema hakuziona. Wakauliza ni kazi ya nani kuzitoa stoo, akasema ni yake. Alipoulizwa kama alizitoa akasema anadhani alizitoa, lakini hana hakika tena. Wewe ulinyanyuka ukatoka nje. Nilikufuata, nikakuta umeketi kwenye lile benchi karibu na mashine ya kumenyea kahawa, unalia. Nilikaa pembeni yako, na sikusema neno.

Tangu siku ile watu hapa wamemtenga kwa adabu, ambayo ni mbaya kuliko kutukanwa. Hawamtukani. Hawampi tu kazi. Mtu akimtuma kitu anatuma na mwingine wa kumkumbusha. Kwenye jumuiya walimwondolea kazi ya kutunza mishumaa, wakasema apumzike, umri umekwenda. Naye amekubali. Nimemwona njiani akisimama na kugusa mifuko yake yote kabla ya kuendelea, akijihakikishia hajaacha kitu.

Basi Jumapili iliyopita baada ya misa nilikwenda kwake na barua yako. Nilimweleza ulivyosema, juu ya siku ya msalaba na juu ya shamba. Hakubishana. Alisema wewe ndiye mkubwa na una haki, na kwamba ana binti yake Kigonsera ambaye anaweza kumpokea. Kisha akaingia ndani akarudi na kitu alichokifunga kwa kanga ya marehemu mke wake, akaniwekea miguuni. Zilikuwa kabari mbili za mninga, mpya, zenye meno ya nondo. Alisema amezichonga tangu Pasaka, kidogo kidogo, kwa sababu macho yamepungua. Akasema kama haruhusiwi kufika kaburini, basi niziweke mimi pale chini ya msalaba siku hiyo, nimwambie mama kwamba Tarsisi amezileta, ingawa amechelewa.

Kaka Blasius, nimekuwa nikisema moyoni kwamba maji yakimwagika hayazoleki, mama hatarudi, ya nini kuongeza uchungu mwingine. Lakini mzee yule alikuwa anafuta vumbi la mbao kwenye zile kabari kwa kiganja, na mimi sikuweza tena.

Nilimshika mkono, nikamleta hapa nyumbani mpaka kwenye mashine ya kumenyea kahawa. Unajua mguu mmoja wa mashine ile ni mfupi, hutikisika ukizungusha mpini. Nilifukua maganda makavu kwa mkono, nikamwonyesha. Chini ya mguu ule zimo kabari mbili za baba, zimepandana. Nilizitia mimi mwenyewe Jumatatu jioni, siku moja kabla ya safari. Mzee Tarsisi alikuwa amezitoa stoo na kuzitia sandukuni kama kawaida yake. Niliona sanduku halifungi kwa sababu ya boksi la jeki. Nikazitoa, nikatafuta mahali pa kuziweka ambapo mama hatazikuta, na mashine ilikuwa inatikisika. Siku ile ulipokuwa unalia kwenye benchi, kiatu chako cha kushoto kilikuwa kinazigusa.

Asubuhi mama alipoita, "Kabari?", nilikuwa nimeinama juu ya sanduku, mgongo wangu kwake. Nikaitikia kwamba zipo. Miguu ilikuwa inamuuma, hakusogea kutazama. Akafanya ishara ya msalaba.

Mzee Tarsisi aliinama akazigusa meno ya nondo. Sikumsikia akinilaumu. Aliuliza kitu kimoja tu. "Kwa hiyo sikusahau?"

Nikamwambia hukusahau, baba.

Akaketi chini pale pale kwenye maganda ya kahawa. Alisema kwa miezi mitano amekuwa anakwenda kulala akijua kwamba kichwa chake kimekufa kabla ya mwili. Alilia, nami nililia. Halafu akanyanyuka, akatikisa suruali, akaenda zake bila kuniaga. Kabari mpya aliziacha kwangu. Tangu Jumapili ile sijamwona, na nikipita kwake mlango umefungwa, ingawa moshi unatoka.

Yeye nilimweleza hayo, na lipo moja ambalo sikumweleza, ingawa alikuwapo. Alikuwa upande wa pili akipiga mawe kwa nyundo, na mvua ilikuwa na kelele, kwa hiyo hakusikia. Sijamwambia Valeria wala padri. Nakwambia wewe, kwa sababu ni mama yako pia.

Baada ya kumwagiza mzee Tarsisi mawe, nilishuka nikaenda kwenye dirisha la karavani kumwambia mama kwamba tunataka kuchomoa pini, tumteremshe kwanza akae pembeni ya barabara. Hiyo ilikuwa sheria ya baba, kwamba mtu asikae ndani bila kabari nyuma ya tairi. Mama alisogeza pazia. Alitazama mvua, akaitazama miguu yake. Akaniuliza, "Kabari zipo?"

Ningesema hazipo, angeshuka. Angelowa, angenifokea mpaka Mbinga, angewasimulia majirani, na ningestahili. Nilikuwa na sekunde nzima ya kufikiri, kaka, na katika sekunde ile nilichokiogopa ni kufokewa.

"Zipo, mama."

Akasema basi nimwache, nisimbebe kwenye mvua. Akarudisha pazia.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu ni zima. Natembea nalo kila siku kupita pale kwenye mashine.

Sasa umejua. Sikuombi unisamehe kwa barua, maana nimeona jinsi ilivyo rahisi kusema jambo kwa mtu asiyekuona uso. Ninachokuomba ni kwamba ile barua uliyoiandika juu ya mzee Tarsisi uifute kwa nyingine, iandikwe kwa jina lake, na useme waziwazi kwamba hakusahau. Nitaisoma mimi mwenyewe kwenye jumuiya, pamoja na sehemu yangu. Shamba la kijito abaki nalo. Siku ya msalaba asimame mbele, karibu na wewe. Kama utaona mimi ndiye nisiyefaa kuwapo, nitakaa Mbinga mjini siku hiyo, na Valeria atawapikia.

Land Rover sijaiendesha tena tangu siku zile za matanga. Asubuhi nyingine nalitandika gunia uani na kupanga vifaa vyote, kisha navirudisha stoo. Kabari za baba sijazitoa chini ya mashine. Nimeziacha uzikute mahali nilipoziweka.

Wasalimie shemeji Beata na watoto, mmoja mmoja kwa jina lake. Valeria amewatengea maharage kidogo na gunia la ulezi, atampa kondakta wiki ijayo. Mungu awalinde njiani mtakapokuja, na tafadhali kagueni vizuri kabla ya kupanda gari.

Ni mimi mdogo wako,
Methodi